Dhana potofu kuhusu mipaka ya hadwea kwenye SAN

Watu wakipanga SAN, yaani ule mtandao wa kuunganisha sava na stoji, wengi wanaangalia ile namba kubwa iliyoko kwenye brosha ya muuzaji wanaridhika, wakati kinachokwamisha kazi huwa ni namba ndogo ambayo hakuna aliyeiulizia.

Dhana: terabaiti zikitosha basi stoji inatosha.
Ukweli: hapana kabisa, na hii ndo inaumiza watu kuliko zote. Chukua diski 12 za 7200 rpm, kila moja TB 8, hapo una TB 96 kabla hujatoa za RAID (ule mpango wa kuunganisha diski ili moja ikifa data isipotee), unaona nafasi ya kumwaga. Ila diski ya aina hiyo inamudu kama IOPS 80 tu (yaani kusoma au kuandika mara 80 kwa sekunde) kwa kazi ndogondogo za kurukaruka, zote 12 ni kama 960, halafu ukiweka RAID 6 kila uandishi mdogo mmoja unazaa kazi 6 kwenye diski, kwa hiyo kama ni kuandika tupu unabaki na 160. Mia moja sitini! Databesi ya mauzo yenye watumiaji wengi inazimaliza hizo asubuhi tu watu wakianza kuingia kwenye mfumo. Kashe ya kontrola, yaani memori ya haraka kwenye ule ubongo wa stoji, inasaidia kidogo, ikijaa mnarudi palepale. Anza na IOPS ndo uje kwenye nafasi.

Dhana: vSphere 6.7, ile programu ya VMware ya kuendesha mashine pepe, inaruhusu hosti moja (sava moja) kuona LUN 1024, yaani vipande vya stoji ambavyo sava inaviona kama diski, basi ninazo 1024.
Ukweli: humohumo kuna mpaka mwingine, njia 4096 kwa hosti. Ukiwa na HBA mbili, yaani kadi za kuunganisha sava na SAN, na kila moja inaona poti 4 za stoji, LUN moja inakula njia 8, gawanya mwenyewe, unaishia LUN 512.

Nyingine naisikia sana: "swichi ina poti zimebaki, ongeza sava tu." Swichi haina neno jamani, shida iko kwenye poti ya stoji. Tuseme poti hiyo inapokea amri 2048 kwa wakati mmoja, wewe una sava 16, kila moja ina LUN 10, na foleni ya kila LUN ni 32, zidisha hapo unapata 5120. Mchana kukiwa shwari huoni kitu, ila usiku bakapu zote zikianza pamoja stoji inajibu foleni imejaa, sava zinatuma upya, kila kitu kinakuwa kizito, na vijana wa netiweki wanalaumiwa bure.

Dhana: kontrola mbili ni nguvu mara mbili.
Ukweli: ukiziendesha kila moja kwa 70%, siku moja ikifa iliyobaki inatakiwa ibebe 140%, haiwezi. Kila upande usivuke 50%, tena pima saa ya pilika, sio wastani wa siku nzima.

Na wanaosema faiba ni faiba tu: OM3, ambayo ni daraja mojawapo la kebo za faiba, kwa kasi ya 16G inafika mita 100, ukipanda 32G inashuka mpaka 70. Kebo ya mita 85 inayofanya kazi vizuri leo itaanza kusumbua ukishabadilisha swichi na HBA, itabidi uvute OM4 ambayo kwa 32G inafika 100, kwa hiyo pimeni urefu wa kebo kabla hamjasaini oda.