Spishi ni nini hasa?

Katika mazungumzo tunasema "aina": aina ya mbwa, aina ya samaki. Spishi ina maana finyu zaidi. Ni kundi la wanyama ambao porini huzaana wao kwa wao, na watoto wao nao wakazaa. Mbwa koko na mbwa wa polisi hawafanani, lakini ni spishi moja. Punda na farasi hupata baghala, naye ni tasa. Hao ni spishi mbili.

Wanyama waliokwisha kupewa majina ya kisayansi wamepita spishi milioni 1.5. Takriban milioni moja ni wadudu. Mamalia wote hawafiki 7,000. Na hesabu hubadilika hata bila mnyama mpya kuonekana: kwa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, twiga alikuwa spishi moja hadi 2025, walipokubali kuwa ni nne baada ya kupima DNA na mafuvu.

Utata wenyewe uko kwa furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wenye spishi zaidi ya 500. Chukua wawili wa kwenye miamba upande wa Mwanza. Wa kwanza kwa jina la kisayansi ni Pundamilia pundamilia: dume ni wa buluu, hukaa karibu na uso wa maji. Wa pili, Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, dume ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Yeye hukaa chini zaidi. Majike wao hawana rangi hizo. Ukiwaweka kwenye tangi lenye mwanga wa rangi ya chungwa, ambamo rangi zao hazitofautiki, watazaana, na chotara wao si tasa. Kwa kipimo cha baghala, basi, wangekuwa spishi moja. Kinachowatenga ziwani ni jicho la jike: humchagua dume kwa rangi.

Jicho hilo linahitaji mwanga. Udongo unaosombwa kutoka mashambani, pamoja na mwani unaonenepa kwa mbolea na majitaka, huuzuia kwanza mwanga wa buluu. Penye maji maangavu, kama Kisiwa cha Makobe, buluu na wekundu bado wamejitenga wazi. Penye maji ya tope jike hachagui tena, na utakuta madume wa rangi ya katikati, si buluu si wekundu. Sangara hulaumiwa kwa kuwamaliza furu, na kweli aliwala wengi mno miaka ya 1980. Lakini hapa spishi mbili zinageuka moja bila samaki hata mmoja kuliwa.