Fonti ya pikseli haiharibiki ukiikuza

Wengi wakiona fonti ya pikseli, yaani herufi nene za vijimraba kama zile za michezo ya zamani ya kompyuta, hudhani ni picha ndogo: ukizitanua kwenye bango zitatoka na ukungu. Zamani ilikuwa hivyo kweli. Chicago, fonti aliyoibuni Susan Kare kwa ajili ya kompyuta ya Macintosh ya 1984, ilichorwa nukta kwa nukta. Leo faili la fonti kama hiyo huhifadhi mistari ya nje ya herufi kwa hesabu, hivyo A yenye kimo cha mita 2 hubaki na kona zilezile kali.

Ukungu unaouona kwenye skrini mara nyingi huletwa na saizi. Fonti iliyojengwa juu ya gridi ya vijimraba 8 kwa 8 hutulia kwenye saizi ya pikseli (nukta za skrini) 16, 24 au 32. Weka 20, baadhi ya kingo za vijimraba zitaangukia katikati ya pikseli, na kompyuta itazipaka kijivujivu. Hapo mimi humlaumu aliyeipanga, si fonti.

Ila kwa aya ndefu haifai. Unene hula nafasi. Tundu la e huweza kubaki kijimraba kimoja tu. Iache kwenye vichwa, nembo na alama za mchezo.