Ule uzi mwekundu ndani ya mguu wa jinzi

Nikiletewa jinzi ya mtindo wa zamani, kabla mwenyewe hajaniambia imechanika wapi, mkono wangu unakuwa umeshakunja upindo wa mguu kutazama mshono wa nje. Nikikuta kingo mbili nyeupe zimelazwa, huku na huku, safi, hazikupigwa ovaloki (mshono wa kuzuia ukingo usifumuke), na kila moja ina uzi mwekundu uliopita urefu wote, basi tunatazamana tukitabasamu. Uzi huo ndio aliolipia. Na hapo ndipo ubishi wetu huanza: yeye anaona ni cheti cha ubora, mimi sioni hivyo.

Maana uzi wenyewe haufanyi kazi yoyote. Ulikuwa alama ya kiwandani tu. Kiwanda cha White Oak cha kampuni ya Cone, pale Greensboro, North Carolina, kilifumia wateja wengi denimu, yaani kitambaa cha jinzi, na rangi ya uzi wa ukingoni ilisaidia kujua jora lipi ni la nani. Mwekundu ulikuwa wa Levi's, kampuni ya jinzi ya Marekani.

Cha kutazama ni ukingo. Kwenye mitambo ya zamani ya kufumia, uzi wa mshindio (unaokatiza kitambaa kwa upana) hubebwa na kifaa cha mbao kilichochongoka ncha zote mbili, mfano wa mtumbwi, chenye kibiringo cha uzi tumboni. Hurushwa kulia, hurudishwa kushoto, kutwa nzima, na uzi ni ule ule. Ukifika mwisho wa kitambaa haukatwi. Unazunguka uzi wa mtande (unaokwenda kwa urefu) wa pembeni na kurudi ulikotoka. Ndiyo maana ukingo haufumuki. Mitambo ya kisasa hukata mshindio kila unapovuka, kwa hiyo pembeni hubaki ndevu zinazohitaji ovaloki.

Shida ya mtambo wa mtumbwi ni kwamba unakwenda polepole na kitambaa chake kina upana mdogo, kama sentimita 75 hivi. Suruali moja hula takriban yadi 3. Mkata nguo wa zamani hakutaka kupoteza hata kipande, akawa anaulaza upande wa nje wa mguu juu ya ukingo kabisa. Lakini ukingo umenyooka kama rula, kwa hiyo na mshono wa nje ukalazimika kunyooka. Ule mguu ulionyooka ambao watu leo wanausifia kama ubunifu ulitokana na ubahili wa kitambaa. Napenda sana jambo hili, sijui kwa nini.

Suruali yenyewe ni ya zamani kuliko uzi mwekundu. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Nevada, alitafuta namna ya kuzuia mifuko isichanike, akaanza kuigongea ribiti za shaba, vile vipini vidogo vya chuma, kwenye pembe. Ada ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi, hakuwa nayo, akamwandikia Levi Strauss wa San Francisco, aliyekuwa akimuuzia vitambaa, na hataza ikatoka tarehe 20 Mei 1873. Mengine yaliongezwa kidogokidogo: mfuko wa pili wa nyuma mwaka 1901, vitanzi vya mkanda mwaka 1922. Mwaka 1937 ribiti za mifuko ya nyuma zilifichwa ndani kwa sababu zilikwaruza viti na matandiko ya farasi. Kimkanda cha nyuma chenye bizimu kiliondolewa wakati wa Vita Kuu ya Pili ili kuokoa chuma. Basi ukiuziwa jinzi "ya mwaka 1947" iliyo na bizimu mgongoni, uliza maswali.

Turudi kwenye ubishi. Mteja anaamini ukingo ni cheti cha ubora. Mimi nimeshashika denimu yenye ukingo mzuri iliyokuwa laini kama shuka, na isiyo na ukingo iliyodumu miaka. Uzuri wa jinzi ya aina hii uko kwenye uzi na rangi. Nili, ile rangi ya buluu ya jinzi, haizami kwa urahisi ndani ya pamba. Nyuzi za mtande husokotwa pamoja kama kamba, huchovywa, hutoka zikiwa za kijani-manjano, kisha hubadilika kuwa buluu mbele ya macho yako zikipata hewa. Huchovywa tena, na tena. Hata hivyo moyo wa uzi hubaki mweupe. Ukikaa, ukipiga magoti, ukitia pochi mfuko ule ule kila siku, buluu ya juu husuguliwa na weupe ukachungulia. Tazama nje ya paja, juu ya zile kingo zilizolazwa: baada ya muda hutokea mistari miwili iliyopauka kama reli. Hilo ovaloki halikupi.

Kuna hadithi kwamba Wajapani walinunua mitambo ya zamani ya Wamarekani wakaanza kufumia hiyo. Si kweli. Cone walikuwa na mitambo ya Draper. Wafumaji wa Okayama na Hiroshima huko Japani walitumia hasa mitambo ya Toyoda, kampuni ya mitambo ya kufumia iliyokuja kuzaa kampuni ya magari ya Toyota. Marekani ilipohamia mitambo mipana na ya kasi, Wajapani waliendelea kuifufua ile ya polepole. White Oak, iliyofunguliwa mwaka 1905, ilifungwa mwaka 2017.

Jambo la mwisho linanihusu mimi mwenyewe, na lilinigharimu suruali ya mtu. Denimu mbichi ambayo haikusinyazwa kiwandani inaweza kusinyaa kwa hadi asilimia 10 ikiguswa na maji. Mteja alitaka ifupishwe ifike kwenye kifundo, nami nikapima, nikakata, nikapiga upindo mshono wa mnyororo. Wiki mbili baadaye alirudi imemfika katikati ya ugoko. Siku hizi nailoweka kwanza kwenye beseni, naianika kivulini, na mkasi naushika siku ya pili yake.