Mnara wa Hanoi haukutoka Hanoi

Juzi nimelisikia tena, safari hii kwa mwalimu wa kompyuta: eti Mnara wa Hanoi ni "fumbo la kale la Wavietnam". Nimevumilia vya kutosha.

Fumbo lenyewe mnalijua. Vijiti vitatu, visahani vyenye tundu vimepangwa kwenye kijiti kimoja, kikubwa chini, kidogo juu. Vihamishie vyote kijiti kingine, kimoja kimoja, na kikubwa kisikalie kidogo. Kile cha chini kabisa hakisogei mpaka vya juu yake vyote vihamie pembeni. Kikishahama, vinarudi kukikalia. Kwa hiyo kila kisahani kinachoongezwa, hatua zinakuwa mara mbili na moja juu: 1, 3, 7, 15, 31. Kwa visahani n, hatua chache kabisa ni 2ⁿ − 1.

Sasa jina. Fumbo lilitoka Ufaransa mwaka 1883, na mtunzi ni Édouard Lucas, mwanahisabati mzaliwa wa Amiens. Kwenye boksi hakujitaja. Aliandika kwamba mchezo umeletwa kutoka Tonkin (kaskazini mwa Vietnam, uliko mji wa Hanoi) na Profesa N. Claus (de Siam), wa chuo cha Li-Sou-Stian. Chukua herufi za N. Claus de Siam uzipange upya: Lucas d'Amiens. Li-Sou-Stian nayo ni Saint-Louis, shule ya Paris alikofundisha. Mzaha mtupu, na miaka yote hii bado unanasa watu! Mwaka huo Wafaransa walikuwa vitani Tonkin, kwa hiyo nadhani jina la Hanoi halikuhitaji kutangazwa.

Na wale makuhani wa kwenye ngano, wanaohamisha visahani 64 vya dhahabu, ambao wakimaliza dunia inakwisha? Hekalu lao liko Benares, India. Hata ngano yenyewe haifiki Hanoi.

Hatua zao ni 18,446,744,073,709,551,615. Hatua moja kwa sekunde, ni miaka kama bilioni 585. Hapo watu husema fumbo ni gumu. Gumu wapi? Ni refu. Mtoto aliyeelewa visahani vitatu anajua la kufanya na 64, ila hatamaliza.

Jina libaki, mwalimu, limeshazoeleka. Ila pale ubaoni ulipoandika "kale", futa uweke 1883.