Kuhama kutoka chuo kidogo cha uhandisi: dhana potofu na ukweli wake

Mwaka wa masomo unapoanza, hawakosekani wanafunzi wa uhandisi wanaoripoti katika chuo kidogo, wakaikuta karakana moja na wahadhiri wa kuhesabika, na kabla ya mwezi kwisha wakawa wanaulizia njia ya kuhamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au kwingineko. Kuulizia si kosa, kwa kuwa uhamisho ni jambo linalotambuliwa na taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Shida ni kwamba majibu mengi hutoka bwenini, kwa watu ambao wao wenyewe hawajawahi kuhama.

Dhana: Shahada ya chuo kidogo haina uzito, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi huikataa

Ukubwa wa chuo haumo katika vigezo. Kinachoangaliwa ni kama chuo kina ithibati na kama programu yenyewe, yaani uhandisi ujenzi, mitambo, umeme au nyingineyo, inatambuliwa. Mhitimu wa programu inayotambuliwa huomba kusajiliwa kuwa mhandisi mhitimu, kisha huweza kuingia katika mpango wa Bodi wa mafunzo kwa vitendo, SEAP, unaochukua miaka mitatu, kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Katika miaka hiyo mitatu anapimwa kwa kazi alizofanya. Kwa hiyo kabla ya kuhama kwa sababu ya jina, mwanafunzi aulizie kwanza hadhi ya programu yake; na akikuta haitambuliwi, hapo ana sababu ya kweli ya kuondoka, na aondoke mapema.

Dhana: Aliyemaliza mwaka wa pili hupokelewa mwaka wa tatu

Hii ndiyo inayowagharimu wengi. Mwaka hauhami, zinazohamishwa ni krediti, nazo hukaguliwa somo kwa somo. Katika mfumo wa Tanzania, krediti moja huwakilisha saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwamo mihadhara, maabara, mazoezi na kujisomea. Mwaka mmoja hukadiriwa kuwa na krediti 120, hivyo shahada ya uhandisi ya miaka minne hufikia 480. Mwenye krediti 240 mkononi anaweza kudhani amefika nusu ya safari, kumbe idara inayompokea italichukua kila somo na kuliweka kando ya la kwake, ikitazama mada, saa na kazi za maabara.

Jina la somo halitoshi. Mekanika ya vimiminika inaweza kuishia kwenye mtiririko wa maji ndani ya mabomba katika chuo kimoja, na katika kingine ikaendelea hadi pampu na tabini, pamoja na majaribio ambayo mwanafunzi lazima ayafanye kwa mikono yake. Idara ya pili ina haki ya kusema kwamba haya ni masomo mawili tofauti. Tena masomo ya uhandisi yameshikana: asiyesoma milinganyo tofautishi hawezi kuifuata mifumo ya udhibiti, na asiyepita nguvu za maada hana pa kuanzia katika usanifu wa miundo. Somo moja likikataliwa, na somo hilo likawa linafundishwa muhula wa kwanza pekee, aliyehamia muhula wa pili atalisubiri hadi mwaka ujao, na yote yanayolitegemea yatasubiri pamoja naye. Wapo wanaoitwa wa mwaka wa tatu huku ratiba yao imejaa vipindi vya mwaka wa pili vinavyogongana na vya wenzao.

Ndiyo maana, baada ya hati ya matokeo, karatasi yenye thamani kubwa kuliko zote ni muhtasari wa kila somo, unaoonyesha mada, idadi ya saa, kazi za maabara na vitabu vilivyotumika, ukiwa na sahihi na mhuri wa idara. Usiondoke bila hiyo. Katika chuo kidogo, mkuu wa idara mara nyingi ndiye huyo huyo anayefundisha masomo matatu na kukaa na funguo za kabati la mafaili, kwa hiyo ni vyema kumwahi kabla hajaenda likizo. Daftari la mafunzo kwa vitendo na barua ya kampuni au kiwanda ulikofanyia mafunzo nazo zihifadhiwe, maana bila ushahidi huo unaweza kutakiwa kuyarudia.

Dhana: Mwenye stashahada huingia moja kwa moja mwaka wa pili wa shahada

Stashahada ya ufundi, ambayo ni ngazi ya 6 chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, ni sifa linganifu ya udahili. Inampa mhusika haki ya kuomba nafasi, kwa kawaida akiwa na GPA, yaani wastani wa alama zake, isiyopungua 3.0, lakini nafasi yenyewe kwa kawaida ni ya mwaka wa kwanza. Hilo huwauma mafundi waliokwisha kushika mashine kwa miaka mitatu, na malalamiko yao yana haki. Hata hivyo, stashahada hujengwa juu ya ustadi wa kazi, wakati miaka ya mwanzo ya shahada huelemea hesabu na fizikia, na hapo ndipo wengi wao hupata taabu.

Dhana: Aliyeondolewa chuoni kwa kufeli anaweza kuhama

Hawezi. Anayehama ni mwanafunzi aliye hai katika daftari la chuo chake. Aliyedisko, yaani aliyeondolewa kwa kufeli, hana tena hadhi hiyo, na njia iliyobaki kwake ni kuomba udahili upya, kwa sifa zake za kidato cha sita au stashahada.

Dhana: Mkopo humfuata mwanafunzi wenyewe

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupeleka fedha za ada chuoni moja kwa moja, na mwanafunzi husaini fedha zake katika chuo alikosajiliwa. Jina lisipohamishwa rasmi kupitia maofisa mikopo wa vyuo vyote viwili, fedha huendelea kuelekea kule alikotoka. Ada ya chuo kipya nayo inaweza kuwa kubwa kuliko kiwango alichopangiwa, na tofauti hiyo ni ya mzazi au mlezi. Anayehama katikati ya muhula, ada ikiwa imeshaingia chuo cha kwanza, anaweza kujikuta anadaiwa katika chuo cha pili kwa kipindi kile kile. Ndiyo sababu ni salama zaidi kungoja mwisho wa mwaka wa masomo, matokeo yakiwa yamekwisha kupitishwa na seneti na hakuna somo la kurudia lililobaki nyuma.