Wekundu wa Mikindani si arora

Usiku wa Mei 10, 2024, dhoruba ya jua (wimbi la chembe zinazorushwa na jua), kali kuliko zote tangu 2003, ilipaka anga mianga ya rangi iitwayo arora katika nchi nyingi, hata Afrika Kusini. Tangu hapo, kila mbingu ikiiva nyekundu upande wa Mikindani, simu zinatolewa: "Jamani, arora imefika Mtwara!"

Haijafika. Arora hutokea chembe kutoka kwenye jua zinapoongozwa na usumaku wa dunia hadi kwenye mkanda unaozunguka ncha zake, zikagonga hewa kilomita 100 na zaidi juu yetu. Oksijeni ikigongwa hutoa mwanga wa kijani. Juu zaidi, mwekundu. Dhoruba ikipamba moto mkanda huo hutanuka kuelekea ikweta, ila sisi tuko nyuzi 10 tu kusini mwake. Hata ingetufikia, tungeitafuta chini kabisa upande wa kusini, kwenye giza totoro.

Mnachokiona ni mwanga wa machweo uliopenya vumbi, au moto wa kusafishia mashamba ukimulika moshi wake. Simama ufukweni uangalie: wekundu uko magharibi, nyuma ya minazi, na ikikaribia adhana ya isha umeshafifia. Ni mzuri mno, nami huutazama kila jioni.