Pengo la saa za kazi ni nini?

Ukipita mtaa wa Eastleigh, Nairobi, mapema asubuhi utawakuta kina mama fua wameketi kando ya barabara wakingoja kuitwa. Mmoja akipata nyumba mbili wiki hiyo, atakuwa amefua labda saa kumi kwa jumla. Yeye alitaka arobaini. Hizo thelathini alizozikosa ndizo pengo lenyewe: tofauti kati ya saa mtu anazofanya kazi na saa ambazo angependa kufanya.

Ukiuliza takwimu za ajira, mama huyu hana shida. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani (ILO), aliyefanya kazi ya malipo au ya faida hata kwa saa moja tu katika wiki inayochunguzwa anahesabiwa kuwa ana kazi. Kipimo hicho kina sababu yake, maana kinataka kunasa kila kazi inayofanyika, hata ile ndogo. Lakini "una kazi?" ni swali la ndiyo au la, na kibarua anaishi katikati. Ndiyo maana mwaka 1998 mkutano wa kimataifa wa watakwimu wa kazi uliweka masharti matatu ya kumtambua mwenye ajira pungufu: awe anataka saa zaidi, awe tayari kuzifanya zikipatikana, na saa alizofanya ziwe chini ya kiwango fulani. Hilo sharti la pili huwatoa wengi. Mama aliye na mtoto mchanga na hana wa kumwachia anataka saa zaidi, lakini hawezi kuzifanya, basi hahesabiwi.

Pengo huenda upande wa pili pia. Mchukue askari wa geti anayeingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, siku sita. Hizo ni saa 72 kwa wiki, wakati agizo la jumla la mishahara nchini Kenya linasema wiki ya kawaida ni saa 52. Sasa mweke pamoja na yule mama wa saa kumi utafute wastani: 41. Ukisoma namba hiyo peke yake utadhani wote wawili wako sawa, na hakuna hata mmoja aliye sawa. Kwa hiyo mimi wastani wa saa za kazi wa nchi huniambia machache sana.

Muulize askari kama angependa kupunguziwa saa. Atasema ndiyo kabla hujamaliza swali. Kisha muulize: hata kama mshahara utapungua kwa kadiri hiyo hiyo? Hapo atanyamaza. Wachumi wengi humhesabu mtu kuwa amezidiwa na saa iwapo tu yuko radhi kuziacha pamoja na malipo yake. Asiyekubali, tatizo lake ni mshahara mdogo, na hilo ni jambo jingine ingawa machoni linafanana. Na yule mama vilevile: malipo ya kufua yakiongezeka maradufu, huenda saa ishirini zikamtosha. Swali la utafiti lisipotaja malipo, hujui mtu amejibu kuhusu muda au kuhusu kodi ya nyumba.

Mbona pengo halizibiki lenyewe? Kwa sababu mwajiri hanunui saa mojamoja. Geti linalindwa mchana na usiku. Watu wawili wa saa kumi na mbili wanahitaji sare mbili na makato ya watu wawili, ilhali watu watatu wa saa nane wanaongeza gharama hizo kwa nusu. Kwenye mjengo mambo ni mengine kabisa: mvua za Aprili zikinyesha, fomeni aliyeita watu kumi anawarudisha saba, na hakuna aliyewauliza wanataka nini.

Kuna pia suala la saa gani zinahesabiwa, na hapa kanuni za kimataifa za 2008 zina majibu ambayo huenda yakakushangaza. Mwendeshaji boda anayengoja abiria kwenye steji yuko kazini, hata kama ameegemea pikipiki yake anaangalia simu. Anayesimama nje ya geti la kiwanda akitumaini kuitwa bado anatafuta kazi. Na safari ya kwenda kazini haihesabiwi. Anayetoka Rongai kwenda Industrial Area anaweza kukaa kwenye matatu saa nne kwa siku, kwenda na kurudi, na fomu isiwe na mahali pa kuziandika.